Namna ya Kuamua Kura Yako kwenye Maswali ya Jimbo na ya Mji: Mwongozo Kamili kwa Raia Wapya wa Marekani

Kila msimu wa uchaguzi watu hukwama mahali palepale. Wameshajua wampe nani kura ya urais au ya ugavana, lakini wakiigeuza karatasi wanakuta maswali marefu ya Kiingereza cha kisheria, kila moja na viduara viwili vya kutia wino: Ndiyo na Hapana. Wengi huyaacha wazi, wengine hutia Ndiyo kote kwa kuwa neno lenyewe lina sura ya heri, na wapo wanaofuata kipeperushi cha mwisho kilichoingia kwenye sanduku la barua.

Sehemu ya tatizo ni mazoea. Aliyekulia Kenya au Zanzibar anaijua kura ya maoni kama jambo zito la nchi nzima, lenye swali moja lililojadiliwa redioni kwa miezi: Wakenya walipiga ya mwaka 2005 kwa alama za ndizi na chungwa, na Wazanzibari wakapiga ya Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Marekani maswali huja mengi kwa mpigo, hayana alama, na baadhi yake yanahusu bajeti ya shule za mji mmoja tu.

Mifano mingi hapa ni ya Maine, ambako miji ya Portland na Lewiston ina jamii za watu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, na ya Ohio. Utaratibu wenyewe unafaa jimbo lolote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Anwani ya makazi yako kama ilivyo kwenye daftari la wapiga kura.
- Nakala ya mfano ya karatasi ya kura ya anwani hiyo.
- Kijitabu cha wapiga kura cha jimbo lako. Maine hutolewa na ofisi ya Katibu wa Jimbo. Colorado na California hukipeleka kwa posta majumbani.
- Bili ya kodi ya majengo, ikiwa unamiliki nyumba.
- Kalamu, karatasi tupu na kikokotoo cha simu.
- Mtu mmoja anayesoma Kiingereza vizuri, awe wa kusoma naye na asiwe wa kukuamulia.
- Saa mbili tulivu, angalau wiki moja kabla ya siku ya kura. Usiku wa kuamkia uchaguzi haufai, kwa sababu ofisi zimefungwa na hakuna wa kumuuliza.

## Hatua ya 1: Hakikisha una haki ya kupiga kura hiyo

Katika chaguzi za jimbo na za taifa, mpiga kura lazima awe raia. Kadi ya ukaazi wa kudumu haitoshi, hata kama umeishi hapa miaka 20 na unalipa kodi zote.

Onyo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inafanya kuwa kosa la jinai kwa asiye raia kupiga kura katika uchaguzi wa viongozi wa shirikisho, na kosa hilo linaweza kumfikisha mtu kwenye kufukuzwa nchini. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Ipo miji michache, kama Takoma Park huko Maryland na Winooski huko Vermont, inayowaruhusu wakaazi wasio raia kupiga kura za mambo ya mji. Hata ukiishi huko, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini fomu yoyote ya kujiandikisha, na usiisaini kwa kuwa tu kijana mchangamfu amekunyooshea kalamu nje ya duka.

Kama ni raia, angalia kama jina lako limo kwenye daftari. Maine unaweza kujiandikisha siku yenyewe ya uchaguzi, lakini Ohio mlango unafungwa siku 30 kabla.

## Hatua ya 2: Pata karatasi ya mfano ya anwani yako

Maswali hubadilika kwa mji, kwa kata na kwa wilaya ya shule. Binamu yako anayeishi maili tatu kutoka kwako anaweza kuwa na karatasi tofauti kabisa, kwa hiyo usisome ya kwake ukadhani ni yako. Ofisi ya karani wa mji au bodi ya uchaguzi ya kaunti hutoa nakala ya mfano. Unaweza pia kuandika anwani yako katika tovuti ya VOTE411, inayoendeshwa na League of Women Voters, au katika Ballotpedia.

Geuza pande zote mbili. Hatua hii imekamilika utakapoweza kusema una maswali mangapi ya jimbo, mangapi ya kaunti na mangapi ya mji.

## Hatua ya 3: Tambua ni swali la aina gani

Andika pembeni ya kila swali aina yake. Aina ndiyo inayokuambia uamuzi wako utadumu kwa kiasi gani na unahitaji kura ngapi ili upite.

Sheria iliyopendekezwa na wananchi kwa kukusanya saini. Katika majimbo mengi Bunge la Jimbo linaweza kuibadilisha baadaye. Mwaka 2016 wapiga kura wa Maine waliidhinisha kodi ya ziada ya asilimia 3 kwa sehemu ya kipato inayozidi dola 200,000 ili kugharimia shule. Mwaka uliofuata Bunge likaifuta. Nalisema hili kwa sababu wengi hudhani kura ikishapita mambo yamekwisha.

Marekebisho ya katiba ya jimbo. Haya ni magumu kuyaondoa, na wakati mwingine ni magumu kuyapitisha. Florida hutaka asilimia 60. Mwaka 2024 pendekezo la kulinda haki ya kutoa mimba lilipata takriban asilimia 57 huko, yaani wengi walisema Ndiyo, na bado likaanguka. Colorado hutaka asilimia 55 kwa jambo jipya la kuingizwa katika katiba yake.

Sheria ya Bunge ambayo wapinzani wake wameipeleka kwa wananchi. Hii ndiyo aina inayowapotosha watu kuliko zote, na hatua ya 4 imeandikwa hasa kwa ajili yake.

Bondi. Huu ni mkopo wa serikali unaolipwa kwa miaka mingi pamoja na riba.

Tozo za mji, kaunti au wilaya ya shule, na bajeti za shule. Mara nyingi hupigiwa kura katika tarehe ambazo watu wachache hujitokeza, na kwa hiyo kura yako moja huwa na uzito mkubwa kuliko ile ya Novemba.

## Hatua ya 4: Andika sentensi mbili kwa mkono wako

Ukiwa na muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu, ufanye hii. Kabla ya kujiuliza kama unalipenda jambo, andika kwa Kiswahili:

*Ndiyo ikishinda, kitakachotokea ni …*

*Hapana ikishinda, kitakachotokea ni …*

Usijaze nafasi hizo kwa maneno kama «shule zitaboreka» au «uhuru utalindwa». Hayo ni matarajio. Jaza kwa kitendo cha kisheria: nani ataruhusiwa, nani atazuiwa, nani atalipa, kuanzia lini.

Chukua swali la Maine la tarehe 3 Machi 2020. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuondoa msamaha wa chanjo kwa sababu za dini au falsafa kwa wanafunzi na kwa baadhi ya wafanyakazi wa afya na wa shule za watoto wadogo. Wapinzani wakakusanya saini, na swali likawauliza wananchi kama wanataka *kuikataa* sheria hiyo mpya. Sentensi mbili zinakuwa hivi:

*Ndiyo ikishinda, sheria mpya inafutwa, na mzazi anaendelea kuruhusiwa kumwepusha mtoto na chanjo kwa sababu ya dini au falsafa.*

*Hapana ikishinda, sheria mpya inabaki, misamaha ya dini na falsafa inaondoka, na unabaki msamaha wa kitabibu peke yake.*

Anayetaka chanjo ziwe za lazima alipaswa kusema Hapana. Mzazi aliyesoma haraka, akaona neno chanjo na akasema moyoni «mimi naziunga mkono», angetia Ndiyo na kupiga kura dhidi ya nafsi yake. Hapana ilishinda kwa takriban asilimia 73.

Sasa nenda Ohio. Mwaka 2011 wananchi waliitwa kuamua kuhusu sheria ya Bunge iliyobana haki ya wafanyakazi wa umma kujadiliana mikataba kupitia vyama vyao. Huko Ndiyo ilimaanisha *kuibakiza* sheria, kwa hiyo walioipinga walipiga Hapana, wakashinda, na sheria ikafa. Hali ni ileile ya sheria ya Bunge inayopingwa, ila maana za Ndiyo na Hapana zimepinduliwa. Familia iliyohama kutoka Columbus kwenda Lewiston ikibeba mazoea ya Ohio itapiga kura kinyume cha nia yake. Huwa nashangaa majimbo hayajakubaliana juu ya jambo dogo kama hili, lakini hayajakubaliana.

Usidhani pia kwamba Hapana siku zote hubakiza mambo yalivyo leo. Tozo ya shule inapoletwa ili *iendelezwe* baada ya muda wake kuisha, Hapana huondoa fedha ambazo shule inazipokea sasa.

### Swali likiwa na mambo zaidi ya moja

Mwaka 2021 Maine iliuliza swali moja kuhusu njia za umeme wa msongo mkubwa. Ukilipasua unapata mambo matatu: kupiga marufuku njia hizo katika eneo la juu la mto Kennebec, kulitaka Bunge liidhinishe njia kama hizo kwingineko kokote jimboni, yote mawili yakirudishwa nyuma hadi mwaka 2020 (yaani yakihusu hata yaliyofanyika tangu mwaka huo), na kutaka theluthi mbili za Bunge ziidhinishe miradi inayotumia ardhi ya umma, jambo hilo likirudishwa nyuma hadi mwaka 2014. Yote hayo kwa Ndiyo moja au Hapana moja.

Swali la namna hiyo lipe mstari kwa kila sehemu, na weka alama ya jumlisha au ya kutoa mbele ya kila mstari. Kisha jiulize ni sehemu ipi ambayo hungeweza kuivumilia. Mara nyingi hiyo ndiyo inayoamua. Kurudisha sheria nyuma hasa kunahitaji jicho kali, kwa sababu huishia mahakamani: Ndiyo ilishinda kwa takriban asilimia 59, lakini kesi zikafuata, na ujenzi wa njia ya umeme iliyokusudiwa kuzuiwa ukaendelea tena mwaka 2023.

Utajua umefaulu hatua hii ukimsomea mtu wa nyumbani sentensi zako mbili, naye akaweza kukueleza tofauti yake bila kuliona swali lenyewe.

## Hatua ya 5: Linganisha muhtasari na andiko kamili

Maneno yaliyo kwenye karatasi ya kura ni muhtasari ulioandikwa na ofisi fulani, na ofisi hiyo huongozwa na watu wenye siasa zao. Maine huandikwa na Katibu wa Jimbo, California kichwa huandikwa na Mwanasheria Mkuu, Ohio kuna bodi ya karatasi za kura.

Novemba 2024 Ohio ilikuwa na pendekezo la kuunda tume ya raia ya kuchora mipaka ya uchaguzi. Andiko la waliolileta lilisema linapiga marufuku uchoraji wa kupendelea vyama. Maneno ya bodi kwenye karatasi yalisema tume hiyo *italazimika* kuchora kwa upendeleo. Mahakama Kuu ya jimbo iliacha sehemu kubwa ya maneno hayo yatumike. Pendekezo lilianguka. Kila upande una hoja zake, lakini mpiga kura aliyesoma karatasi peke yake kituoni hakuwa na njia ya kujua kwamba kulikuwa na mabishano.

Andiko kamili limo katika kijitabu cha jimbo. Kwa kawaida maneno mapya hupigiwa mstari chini na yanayoondolewa hukatwa kwa mstari katikati. Kama ni refu, anza na sehemu tatu: fasili za maneno, tarehe ya kuanza kutumika, na jina la chombo kitakachosimamia. Fasili ndizo zinazoficha mambo. Sheria inayosema «mwajiri mkubwa» inaweza kuwa imemfasili kama mwenye wafanyakazi 26, na duka la mjomba wako likawamo.

## Hatua ya 6: Igeuze fedha iwe ya kwako

Takwimu za mamilioni hazimsaidii mtu kuamua. Zishushe hadi kwenye mfuko wako.

Tozo za nyumba Ohio huhesabiwa kwa mili. Mili moja ni dola moja kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa kodi, na thamani hiyo ni asilimia 35 ya thamani ya soko iliyowekwa na mkaguzi wa kaunti. Tuseme nyumba yako imewekewa dola 180,000. Asilimia 35 yake ni dola 63,000. Tozo mpya ya mili 2 itakugharimu 63 mara 2, yaani dola 126 kwa mwaka, au dola 10 na nusu kwa mwezi. Sasa una kitu cha kupima: je, kituo cha zimamoto au maktaba inayoombwa inastahili kiasi hicho kwako?

Angalia pia kama ni tozo ya *nyongeza* au ya *kuendeleza*. Ya nyongeza huongeza bili. Ya kuendeleza hubakiza kiwango ulichoshaanza kulipa. Mpangaji asijione hayumo, kwa sababu mwenye nyumba huweza kuiingiza gharama hiyo katika kodi ya pango.

Bondi isome pamoja na riba yake. California iliidhinisha mwaka 2024 bondi ya dola bilioni 10 kwa ajili ya majengo ya shule. Ofisi ya wachambuzi wa bajeti ya Bunge ilikadiria malipo ya takriban dola milioni 500 kila mwaka kwa miaka 35, yaani jumla ya dola bilioni 17.5. Hiyo si sababu ya kuikataa, maana jengo la shule huishi miaka mingi na ni haki watakaolitumia kesho nao wachangie. Lakini kwa kitu kisichodumu, kukopa kwa miaka 20 ni kuwaachia watoto deni la kitu watakachokuta kimechakaa.

## Hatua ya 7: Tazama nani analipia matangazo

Majina ya kamati za kampeni huchaguliwa ili yapendeze. Katika swali lile la umeme la Maine, kamati ya Ndiyo iliitwa Mainers for Local Power, jina linalokufanya uwaze majirani waliokutana ukumbini; fedha zake zilitoka kwa NextEra, Calpine na Vistra, kampuni za nje zenye mitambo ya kuzalisha umeme ambayo ingekabiliwa na ushindani. Upande wa Hapana ulikuwa na Clean Energy Matters, iliyogharimiwa na kampuni zilizofungamana na ile ya kujenga njia hiyo. Huko California, kampeni ya kuunga mkono Pendekezo la 22 la mwaka 2020, la kuwahesabu madereva wa programu za simu kama wakandarasi badala ya waajiriwa, ilitumia zaidi ya dola milioni 200, nyingi kutoka Uber, Lyft, DoorDash na Instacart.

Fedha nyingi si ushahidi kwamba jambo ni baya. Zinakueleza nani anatarajia faida, basi. Taarifa za michango ziko wazi katika tume ya maadili au ofisi ya uchaguzi ya jimbo lako. Tafuta wachangiaji watano wa juu kwa kila upande na usipoteze muda na wengine.

Kuhusu ujumbe wa WhatsApp usiojulikana mwandishi wake, ushauri wangu ni mfupi: usiusome mpaka umalize hatua ya 4.

## Hatua ya 8: Amua, au acha wazi kwa kujua

Kwa kila swali andika Ndiyo au Hapana na sababu ya mstari mmoja. Ukishindwa kuandika sababu, bado hujaamua.

Kuacha swali moja wazi hakuharibu kura zako nyingine. Hata hivyo kuna mtego Minnesota: marekebisho ya katiba huko yanahitaji wingi wa *watu wote waliopiga kura katika uchaguzi huo*, kwa hiyo anayeacha wazi anahesabika sawa na aliyesema Hapana. Kwingine, kuacha wazi ni kuwaachia wengine waamue.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe

Beba karatasi yako ya majibu mfukoni. Maandishi yako binafsi kwa kawaida yanaruhusiwa, lakini usiyategemee yaliyo kwenye simu, kwa sababu majimbo kama Texas hayaruhusu simu ndani ya chumba cha kupigia kura. Fulana na kofia za kampeni ziache nyumbani.

Sheria ya shirikisho haizilazimishi ofisi za uchaguzi kuchapisha karatasi kwa Kiswahili. Kifungu cha lugha kinawahusu wazungumzaji wa Kihispania, wa lugha za Asia na wa lugha za wenyeji wa Marekani na Alaska. Lakini kifungu cha 208 cha sheria ya haki za kupiga kura kinampa haki ya msaidizi mtu asiyeweza kusoma, na kinachukuliwa kuwahusu pia wasioweza kusoma Kiingereza. Unaweza kumleta mwanao, jirani au shemeji yako aingie nawe kwenye kibanda. Haruhusiwi kuwa mwajiri wako, wakala wa mwajiri wako, wala ofisa au wakala wa chama chako cha wafanyakazi.

Mwambie msimamizi mapema kwamba umekuja na msaidizi, na msaidizi akusomee swali kwa namba yake ili ulilinganishe na karatasi yako, kwa kuwa mpangilio wa karatasi halisi ndio wa kufuata. Ukikosea kutia wino, usifute wala usiandike pembeni. Rudisha karatasi kwa msimamizi kabla hujaiingiza kwenye mashine, mwambie umeiharibu, na uombe nyingine.